Nani Atamlipa Mwenye Nyumba ya Wageni?

Si muda mrefu uliopita mama mmoja wa makamo alifika ofisini mwetu na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Alitaka tumfungulie kesi mwenye gari lililoigonga bodaboda aliyokuwa amepanda mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa kuchomelea vyuma. Kesi za namna hiyo twazijua. Tulimwomba fomu ya P3, abstrakti ya polisi, barua za hospitali na risiti, naye akavitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuvipanga mara nyingi mbele ya watu wengi.

Ni zile risiti zilizotushughulisha. Karatasi za siku hizi hubeba saa pamoja na tarehe, na tulipozipanga kwa saa badala ya kuzipanga kwa pesa, ilijitokeza habari ambayo mama mwenyewe hakuwa amekuja kutusimulia. Ajali ilitokea Jumamosi saa moja na nusu jioni. Saa mbili na dakika kumi wapita njia walikuwa wamemfikisha kijana katika hospitali ya kaunti, hajui alipo, lakini bado anatamka maneno. Hospitali hiyo inayo mashine ya picha za CT. Mtu wa kuiendesha hakuwa kazini mwisho wa juma. Ambulensi ilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Familia ikanunua mafuta, na risiti ya kituo cha petroli ni ya saa nne kasoro dakika tano. Saa tano na nusu usiku walikuwa mlangoni pa hospitali ya binafsi katika mji mwingine. Hapo jina la kijana lilitafutwa katika kompyuta ya SHA likapatikana, ila mchango wake wa mwaka haukuwa umelipwa, na karani akataka shilingi laki mbili kabla ya kitanda. Mama alikuwa na elfu kumi na nane, na nyingine zilikuwa zikiingia kidogo kidogo katika simu kutoka kwa jamaa na washirika wa kanisa. Saa saba usiku ambulensi iligeuzwa. Saa tisa na robo ikafika hospitali ya rufaa ya umma. Picha ya CT ilipigwa saa kumi na moja alfajiri, naye kijana akaingizwa chumba cha upasuaji saa nne za asubuhi ya Jumapili, wakati ibada ya kwanza ilipokuwa ikimalizika katika kanisa ambamo yeye huimba kwaya.

Tangu ajali hadi kisu cha daktari ulikuwa umepita muda wa saa kumi na nne na nusu.

“Wakili,” mama alituambia tulipomwonyesha hesabu hiyo, “mimi sikuja kushtaki hospitali. Nimekuja kwa sababu ya gari. Hospitali ndiyo iliyomwokoa.”

Na kweli ilimwokoa. Yu hai. Mkono wake wa kulia haushiki kitu, na humwita kila mgeni kwa jina la kaka yake. Hatutamshtaki yeyote ambaye mama hataki ashtakiwe. Lakini twaona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, wanaharakati na waumini kwa pamoja, kwa nini saa hizo zilipotea, kwani hazikupotea kwa bahati mbaya, wala kwa ubaya wa moyo wa mtu mmoja.

Madaktari wametufundisha (nasi twayasema haya kama mawakili waliolazimika kuyajifunza kwa ajili ya kesi) kwamba kichwa hujeruhiwa mara mbili. Jeraha la kwanza ni la barabarani, na hilo hakuna hospitali duniani inayoweza kulitangua. Jeraha la pili huja baadaye, polepole: damu inayovuja ndani ya fuvu, ubongo unaovimba, pumzi isiyotosha, shinikizo la damu linaloshuka. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Damu ikijaa humo, kinachosukumwa ni ubongo wenyewe, kuelekea chini kwenye tundu linalopitisha uti wa mgongo, na hapo ndipo yalipo mamlaka ya pumzi na mapigo ya moyo. Jeraha la pili ndilo kazi ya hospitali. Laweza kuzuiwa, au kupunguzwa, lakini kwa saa zinazohesabika.

Tangu mwaka 1974 hali ya majeruhi wa kichwa hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichoanzishwa na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho, maneno na mwendo wa viungo hupewa alama, kuanzia 3 hadi 15. Alama 8 kwenda chini ni jeraha kali. Barua ya hospitali ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono na tabibu wa zamu, yasema kijana alikuwa na 12. Hospitali ya tatu iliandika 7. Kati ya 12 na 7 hapakuwa na ajali nyingine barabarani. Palikuwa na kituo cha petroli, na meza ya karani.

Wala si jambo geni katika elimu ya utabibu. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 waliokuwa na damu iliyoganda chini ya utando wa ubongo. Miongoni mwa waliopasuliwa kabla ya kutimia muda wa saa nne tangu kuumia, takriban asilimia 30 walifariki. Miongoni mwa waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 90. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1993, wa Marekani vilevile, ulionyesha kwamba shinikizo la damu kushuka sana hata mara moja tu kwa mwenye jeraha kali la kichwa huandamana na vifo mara dufu. Ndiyo kusema chupa ya maji ya mshipani, hewa ya oksijeni na mtu wa kuchunga koo la mgonjwa lisizibe ni matibabu makubwa, hata mahali pasipo daktari wa upasuaji wa ubongo.

Sasa tuitazame sheria. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010, ambayo wazazi wetu waliipigania tangu Saba Saba ya 1990 na kabla yake, yasema katika Kifungu cha 43(2) kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu hicho hakimtaji mchangiaji, wala mwenye kadi, wala mwenye laki mbili. Husema mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika sehemu ya 7, ikafafanua kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa pale ambapo kituo cha kwanza hakina uwezo. Kumpangia, si kumtimua. Kumpangia rufaa ni kupiga simu, kupata kitanda, kisha kuwasha gari. Hospitali inayokataa hukosa kisheria na yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu.

Maneno mazuri. Lakini sheria hiyohiyo yasema kosa ni la hospitali inayokataa “ikiwa na uwezo”, na sisi tulio mawakili twajua kwamba mlango mpana wa kutorokea hujengwa kwa maneno machache kama hayo. Uwezo ni nini? Mashine iliyofunikwa shuka kwa kuwa mwendeshaji wake hakuajiriwa wa pili, je, ni uwezo? Kitanda kilichopo lakini kinachongoja malipo ya awali, je, si uwezo? Tangu sheria hiyo ipitishwe tumeyasikia maswali haya katika vikao vya harambee na matanga kuliko tulivyoyasikia mahakamani.

Tena tusijifanye hatukuonywa. Oktoba 2015 taifa zima lilisoma habari za mtu aliyegongwa barabarani akaumia kichwa, akakaa ndani ya ambulensi muda wa saa kumi na nane akizungushwa kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi jijini Nairobi na viungani mwake, naye akafariki. Ilikuwa miaka mitano tangu Katiba. Pakawa na tume, pakawa na taarifa, pakawa na machozi katika televisheni. Machi 2018 taifa likashtuka tena ilipojulikana kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mgonjwa asiyehitaji kupasuliwa kichwa alipasuliwa, kwa kuchanganywa na mwingine. Siku hizo kila mtu alitafuta wa kufukuzwa kazi. Wachache waliuliza ni kwa nini majeruhi wa kichwa kutoka nchi nzima walikuwa wamerundikwa katika wadi zilezile hata majina yao yakapotezana.

Chanzo ni cha zamani kuliko SHA. Tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi Desemba 1989 serikali ilipoanza kuwatoza wananchi ada katika hospitali zake, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje na kwa jina tamu la kuchangia gharama. Ada ndogo za hospitali zilikuwa zimefutwa mwaka 1965, kwa hiyo kizazi kizima kilikuwa kimekua kikijua kwamba mtu akiumia hupelekwa hospitali, basi. Septemba 1990, baada ya kilio kikubwa, sehemu ya ada hizo ilisimamishwa, kisha zikarudishwa kwa awamu. Tuliokuwa watoto wakati ule twakumbuka wagonjwa wakienda hospitali na daftari la shule la kuandikiwa maradhi yao, na glavu, na bomba la sindano lililonunuliwa duka la nje. Wakosoaji wa utawala wa chama kimoja walisema, nasi twasema walisema kweli, kwamba wananchi wasioulizwa lolote kuhusu serikali yao walikuwa sasa wakiulizwa pesa mlangoni pa wodi.

Twayataja hayo kwa sababu mazoea yaliyoingia wakati ule hayajatoka. Kabla ya 1989 aliyekutana na majeruhi kwanza alikuwa muuguzi. Baada ya hapo akaongezwa karani, na karani hakuondoka tena. Ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa mwaka 2004, zikafutwa mwaka 2013. Heri. Lakini mtu aliyepasuka kichwa hatibiwi katika zahanati, na kule juu, penye mashine za CT, vyumba vya upasuaji na vitanda vya wagonjwa mahututi, karani alibaki kitini pake.

Mwaka huo wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote, ulioletwa na Waziri Charity Ngilu, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Labda hesabu zake hazikukamilika, kama walivyodai wapinzani wake. Lakini miaka ishirini ilipita kabla ya nchi kujaribu tena kwa uzito uleule.

Ugatuzi ulikuja 2013, hospitali zikawa mali ya serikali 47 za kaunti. Sisi tu wafuasi wa ugatuzi na hatutaki kurudi nyuma. Zipo kaunti ambako mtu sasa hupasuliwa karibu na kwao, mahali ambapo zamani alikuwa akifungiwa safari ya siku nzima. Ila majeruhi wa kichwa hajui mpaka wa kaunti. Barabara kuu hupita kaunti tano au sita, na kila kaunti ina ambulensi zake, bajeti yake na gavana wake. Aidha, mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa mkataba uliotajwa kuwa wa shilingi bilioni 38. Baadaye Seneti ilichunguza mpango huo na mwaka 2020 ikaukemea vikali. Katika baadhi ya hospitali vifaa vilifika kabla ya umeme wa kutosha, kabla ya chumba, kabla ya mtu aliyefunzwa. Mashine hukaguliwa, huzinduliwa kwa utepe, hupigwa picha pamoja na mheshimiwa. Muuguzi wa zamu ya usiku hazinduliwi na mtu.

Ndipo tukafika SHA. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ikaondoka jukwaani. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hupimwa kipato chake kwa maswali ya kompyuta, naye akatakiwa tangu mwanzo kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Fundi wa kuchomelea vyuma hupata fedha kwa siku. Tangu lini mtu wa vibarua akalipa kwa mwaka? Hata serikali yenyewe ilikiri tatizo hilo ilipoanzisha mwaka 2025 mpango wa kulipa polepole.

Si kila kitu katika sheria hiyo ni kibaya, na mpinga-serikali asiyekubali jema si mwanamageuzi. Sheria iliunda mifuko mitatu, na mmoja wao ni wa dharura na maradhi mazito, unaopaswa kutiliwa fedha na Bunge. Kwa majeruhi wa kichwa, mfuko huo ndio habari njema pekee katika mambo haya yote. Mtu aliyezimia hawezi kujisajili, hawezi kupokea namba ya siri kwenye simu, hawezi kuonyesha kidole cha kumtambulisha. Kama kweli tumekusudia Kifungu cha 43(2), mfuko huo ndio mkono wake.

Lakini mkono huo umekonda. NHIF iliondoka ikiacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, zikiwamo za makanisa yetu, na maaskofu wamelilalamikia jambo hilo hadharani. Februari 2025 hospitali za binafsi kupitia chama chao zilitangaza kwamba zitawatoza wagonjwa pesa taslimu kwa kuwa SHA haikuwa imelipa. Machi mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akatoa taarifa kwamba mtambo wa kompyuta unaoendesha mambo haya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, hauko katika milki ya serikali wala chini ya udhibiti wake. Msomaji na alinganishe kiasi hicho na bei ya mafuta ya ambulensi moja kwa usiku mmoja.

Hapa ndipo tunapomkumbuka yule Msamaria wa Injili ya Luka. Tazameni utaratibu wake. Kwanza alishughulikia majeraha. Kisha akatoa usafiri, mnyama wake mwenyewe. Kisha kitanda. Akamuuguza usiku ule. Fedha zilizungumzwa kesho yake asubuhi: dinari mbili, na ahadi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Tumesikia mahubiri mengi juu ya kuhani na Mlawi. Juu ya mwenye nyumba ya wageni hatujawahi kusikia hata moja, ilhali bila yeye majeruhi angalifia mlangoni. Mtu yule alipokea mgonjwa asiyemjua kwa dinari mbili na neno la mgeni. Kwa nini? Kwa sababu aliamini kwamba mgeni atarudi.

Serikali yetu ndiyo iliyomwambia mwenye nyumba ya wageni: mpokee, nitakaporudi nitakulipa. Iliahidi kwa jina la NHIF, ikaahidi tena kwa jina la SHA. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hospitali ya misheni iliyotibu majeruhi miaka mitatu kwa ahadi, ikashindwa kuwalipa wauguzi wake, haiwezi kulaumiwa kwa sauti ileile tunayomlaumia Mlawi. Tulimkasirikia sana yule karani wa saa tano na nusu usiku. Tulipokwenda kuzungumza naye (kwa faragha, bila jalada) alitueleza kwamba mwezi uliotangulia alikatwa mshahara kwa kumpokea majeruhi ambaye hakuna aliyemlipia. Hatukuwa na jibu la haraka la kumpa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni umaskini, kwamba jeraha la kichwa ni maradhi ya nchi tajiri, yanahitaji mitambo tusiyoweza kuinunua. Hatukubali. Madaktari wa Bolivia na Ecuador walishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 324 wenye majeraha makali ya kichwa. Nusu yao waliwekewa kifaa cha gharama cha kupima msukumo ndani ya fuvu; nusu nyingine wakafuatiliwa kwa picha za CT na kwa macho na mikono ya wahudumu waliofunzwa. Waliowekewa kifaa hawakupata matokeo bora kuliko wenzao. Haina maana kwamba vifaa ni bure. Wote walikuwa tayari wamefika penye vitanda vya wagonjwa mahututi na watu wa kuwatunza. Maana yake ni kwamba kufika mapema na kutunzwa vizuri hutangulia kifaa.

Na nchi tajiri nazo hazikuzaliwa na utaratibu. Uingereza, ambako mgonjwa halipi mlangoni tangu 1948, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya majeruhi mahututi hawakupata huduma nzuri ipasavyo: walipelekwa hospitali ya karibu isiyo na uwezo, wakapokewa usiku na madaktari wachanga, wakangoja kuhamishwa. Kuanzia 2010 jijini London, na 2012 kwingineko Uingereza, wakapanga upya. Hospitali chache zikatajwa kuwa za majeruhi mahututi, ambulensi zikaruhusiwa kuipita hospitali ya karibu na kwenda moja kwa moja penye uwezo, na waliotajwa wakakatazwa kusema hawana nafasi. Miaka iliyofuata waliookoka waliongezeka. Hawakuanza kwa kununua. Walianza kwa kukubaliana nani ampokee nani.

Sisi twataka nini? Twataka Bunge liutilie mfuko wa dharura fedha za kutosha na liutenge na mifuko mingine, ili deni la leo lisimezwe na deni la jana. Na hospitali iliyompokea majeruhi ilipwe katika siku zilizowekwa na sheria, awe amejisajili au hakujisajili. Maneno “ikiwa na uwezo” yapewe ufafanuzi katika kanuni, hospitali kwa hospitali, saa kwa saa, usiku na mchana, na orodha hiyo ibandikwe ukutani ambapo kila mtu aweza kuisoma. Kaunti zilizo kando ya barabara kuu moja zikubaliane juu ya simu moja ya kutafuta kitanda, ili atafutaye awe mhudumu aliyekaa mezani na si mama aliyeshika chupa ya maji katika ambulensi inayoyumba. Nchi hii hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na waendeshaji na abiria wa bodaboda ni sehemu kubwa yao. Si ajali za kushtukiza tena. Twazijua zitakuja, hata siku za wiki twazijua.

Katika hayo, kanisa laweza kufanya jambo ambalo Bunge halijafanya. Kila Jumapili hutangazwa madhabahuni michango ya bili za hospitali, nasi twatoa, na tutaendelea kutoa. Lakini michango hiyo huandikwa kwa jina na kiasi tu. Twaomba makarani wa parokia na wazee wa kanisa, familia inapokuja na bili ya aliyeumia kichwa, waandike pia saa ya ajali, saa ya kufika kila hospitali, aliyeulizwa pesa ni nani na ni kiasi gani, saa ya picha na saa ya upasuaji. Waandike kwa ridhaa ya familia, wakiacha majina nje. Jaji Mumbi Ngugi alipoamua mwaka 2015 kwamba kuwafungia wanawake hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba, hakuamua kwa hisia. Kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa tayari kusema ni siku ngapi, na walilala wapi. Kifungu cha 22 cha Katiba chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine wasioweza kwenda wenyewe. Aliyezimia ni wa kwanza kati ya hao. Kilichokosekana ni ushahidi uliopangwa kwa saa.

Mama wa yule kijana ameturuhusu kuitumia karatasi yake, na ndiyo ya kwanza katika jalada. Kesi dhidi ya mwenye gari itaendelea kama alivyotaka. Karatasi nyingine ziletwe kupitia kamati za haki na amani za parokia, au kwa mkono, kabla ya mwisho wa Kwaresima.